Mwamuzi Apimwe Akiwa Anakimbia

Popote ulipo, Ujiji, Mwanga, Gungu, Katonga, au uko mwaloni Kibirizi unapanga nyavu kabla ya kuingia ziwani, karibu kwenye mazungumzo yetu. Wenzetu wa Mwandiga, Uvinza na Kasulu, nanyi karibuni. Sogeza redio karibu, na kama watoto wako hapo waite, maana jambo la leo linawahusu.

Leo tuko kwenye mpira wa kikapu. Wachezaji tutawaacha kidogo wapumzike. Nataka tumzungumzie mwamuzi, yule mwenye firimbi, na hasa nataka tuulizane swali moja: kabla hatujamkabidhi ile firimbi, tumempima nini?

Rudia nami swali hilo. Tumempima nini?

Wengi tutajibu haraka kwamba tumempima sheria. Amekaa darasani siku kadhaa, amefundishwa sheria za FIBA, yaani shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, akapewa karatasi ya maswali, akajibu, akafaulu, akapewa cheti na picha ya pamoja ikapigwa. Ni jambo jema. Mwamuzi asiyejua sheria hatumtaki. Lakini nakuomba unielewe vizuri jioni hii: kujua sheria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni utendaji uwanjani. Anasimama wapi? Anamtazama nani? Anapuliza wakati gani? Mikono yake inasema nini? Anapofika kwenye meza ya waandishi wa mechi, anaripoti vipi? Hayo yote hayapimwi kwa kalamu. Yanapimwa mtu akiwa anakimbia, jasho linamtoka, na watu wanapiga kelele.

Wewe unayesafiri kwa boti kutoka Kibirizi kwenda kaskazini, upande wa Gombe na vijiji vya huko, hebu niambie. Ungekubali kupanda boti ambayo nahodha wake amefaulu maswali ya kuandika juu ya mawimbi, lakini hakuna aliyewahi kumwona akiishika injini siku ya upepo? Usingekubali. Na mimi sikubali kijana wetu aliyefanya mazoezi mwaka mzima ahukumiwe na mtu ambaye hakuna aliyemtazama akifanya kazi.

Sasa tuchukue mfano, maana mfano huu unatokea kwenye viwanja vyetu vya saruji.

Robo ya mwisho. Timu zimeachana pointi 2. Vijana wanagombea mpira chini ya goli, na mchezaji mwenye jezi namba 14 anampiga mwenzake mkononi wakati anarusha. Mwamuzi ameona, na ameona sawasawa. Anapuliza. Anakimbia kuelekea mezani huku akisema kwa sauti, "Kumi na nne, kumi na nne!" Pembeni kuna spika inapiga muziki, na ukutani wamejaa wanafunzi wanashangilia. Mwandishi wa mechi anasikia "nne". Anaandika nne. Kumbe namba 4 wa timu hiyohiyo tayari ana makosa manne, na hili linakuwa la tano. Kwa sheria, makosa matano unatoka. Namba 4 anaambiwa akakae benchi. Anashangaa, maana alikuwa nusu nyingine ya uwanja, hata hakuugusa mpira. Kocha anaruka. Wachezaji wanazunguka meza. Dakika 10 zinapita hapo, na mechi ikianza tena si mechi ile tuliyokuwa tunaitazama.

Sasa nakuuliza, msikilizaji. Mwamuzi huyu hakujua sheria? Alijua. Hakuliona kosa? Aliliona. Kilichomwangusha ni mikono yake.

Ngoja nikueleze namba 14 inavyoonyeshwa, ili ukienda uwanjani Jumamosi uangalie mwenyewe. Mwamuzi anakwenda mahali ambapo waandishi wa mechi wanamwona wazi, pasipo mchezaji katikati yao. Anasimama. Nasema anasimama, miguu imetulia. Anainua mkono wa kulia ukiwa ngumi, na ngumi hiyo ni kumi. Mkono wa kushoto anafungua vidole vinne. Ngumi na vidole vinne, kumi na nne. Hata muziki upige mpaka spika zipasuke, mwandishi ameona.

Na kama ni namba 24? Hapo anaonyesha kwanza vidole viwili, mgongo wa kiganja ukielekea mezani, halafu anaonyesha vinne, safari hii kiganja chenyewe kikielekea mezani. Kwa nini mgongo kwanza? Kwa sababu mgongo ni makumi na kiganja ni mamoja. Angefungua mikono yote miwili kwa pamoja, viwili huku na vinne kule, mtu angehesabu sita. Unaona ufundi uliomo? Hayo yamefikiriwa na watu, yakajaribiwa, yakaandikwa, na leo mwamuzi wa Kigoma na wa Lubumbashi wanaonyesha 24 kwa namna moja.

Baada ya namba, anaonyesha aina ya kosa. Akijigonga kifundo cha mkono, ni kupiga mkono. Akisukuma hewa kwa viganja viwili, ni kusukuma. Akishika kiuno kwa mikono yote miwili, ni kumzibia mwenzako njia kinyume cha sheria. Akipiga ngumi kwenye kiganja, mshambuliaji amemvamia mlinzi. Mwisho anaonyesha adhabu: ni mitupo huru, na kama ni mitupo ni mingapi, au mpira unatoka pembeni na unaelekea wapi. Namba, kosa, adhabu. Nasema tena, namba, kosa, adhabu, kwa mpangilio huohuo kila mara. Mwamuzi akiuruka mpangilio, mwandishi anachanganyikiwa, na mwandishi akichanganyikiwa, kijana mwenye namba 4 anakaa benchi kwa kosa la mwenzake.

Tumalizane na mikono, twende miguuni. Na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona ugomvi mwingi unapozaliwa, na watazamaji hatupajui.

Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith, pale Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipoandika sheria zake 13 za kwanza, aliweka waamuzi wawili tangu mwanzo, na kila mmoja akampa kazi yake. Mmoja alikuwa wa kuwatazama watu na kuandika makosa yao. Mwingine alikuwa wa kuutazama mpira, kuhesabu magoli na kutunza muda. Naismith alikuwa ameshatambua kwamba jozi moja ya macho haitoshi, na kwamba jozi mbili zikitazama kitu kimoja ni sawa na jozi moja.

Hilo la mwisho lishike. Jozi mbili zikitazama kitu kimoja ni sawa na jozi moja.

Leo mechi zetu nyingi huchezeshwa na waamuzi wawili, wakati mashindano makubwa yanatumia watatu. Uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na ndani yake kuna watu kumi wanaokwenda kasi. Hao wawili wanagawanaje? Mpira ukielekea goli la kulia, mmoja anatangulia na kusimama nyuma ya mstari wa mwisho, chini ya goli. Mwingine anakuja nyuma ya mchezo, upande mwingine wa uwanja, hatua chache nyuma ya mpira. Wakisimama hivyo, wachezaji wote kumi wanabaki katikati yao. Wa mbele anatazama vurugu za chini ya goli, viuno na viwiko vya wanaogombea nafasi. Wa nyuma anamtazama anayerusha kutoka mbali, anautazama mpira ukiwa angani, kama umeguswa ukiwa unashuka, na anatazama wanaoingia kugombea mpira uliogonga ubao. Mpira ukigeuka, nao wanageuka: wa nyuma anakuwa wa mbele, wa mbele anakuwa wa nyuma.

Mara ngapi umeona waamuzi wetu wawili wote wanautazama mpira? Mpira uko kona ya kushoto, macho manne yako kona ya kushoto, na huku chini ya goli mtu anavutwa jezi mpaka inataka kuchanika. Mashabiki wote wanaona, waamuzi hawaoni, na tunaanza kusema wamenunuliwa. Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kusema mtu amenunuliwa. Mara nyingi hajafundishwa kuuacha mpira. Kuuacha mpira ni jambo gumu, kwa sababu jicho la binadamu linaufuata mpira lenyewe. Mtu anafundishwa kuuacha, anafanyishwa mazoezi ya kuuacha, halafu anapimwa kama kweli ameweza.

Na liko jambo la pembe. Mwamuzi anatakiwa asimame mahali ambapo anaiona nafasi kati ya mshambuliaji na mlinzi. Akiiona ile nafasi, akauona mwanga unapita kati ya miili miwili, atajua nani amemfuata nani. Akisimama wamepangana mstari mmoja mbele yake, anachokiona ni mgongo. Anaona mgongo umetikisika, anasikia sauti ya kiganja kwenye ngozi, na anapuliza. Hapo amebahatisha. Huenda mlinzi aliupiga mpira tu, mikono safi kabisa. Wakati mwingine hatua moja ya pembeni, hatua moja tu, ndiyo inayotenganisha kuona na kubahatisha. Na hatua hiyo lazima aipige mapema, kisha atulie kabla ya tukio, kwa sababu mtu anayekimbia anaona vibaya kuliko aliyesimama.

Je, karatasi ya maswali inaweza kupima hatua hiyo moja? Haiwezi. Inapimwa na macho ya mtu mwingine anayejua.

Basi upimaji wenyewe uweje? Nieleze ninavyoutaka, nawe utakubali au utakataa. Mwombaji apangiwe mechi halisi, hata iwe ya shule na shule. Mpimaji akae mahali pa juu kidogo, kwenye ngazi au ukutani, ana karatasi, na mtu mwingine anarekodi kwa simu. Kila firimbi inaandikwa: ilikuwa dakika gani, mwombaji alikuwa amesimama wapi, eneo lile lilikuwa lake au la mwenzake, ngumi ilipanda juu kwa kosa na kiganja wazi kwa ukiukaji kama kutembea na mpira, ripoti mezani ilikamilika. Na vilevile, hili tunalisahau, mpimaji aandike matukio ambayo firimbi haikulia wakati ilitakiwa. Mechi ikiisha wanakaa chini ya mwembe, wanaitazama video pamoja. "Hapa, mwalimu, ulikuwa wapi?" "Nilikuwa hapa." "Uliona nini?" Mwombaji mwenyewe anaona alikuwa nyuma ya mgongo wa mtu. Nakuhakikishia, dakika tano za mazungumzo hayo zinafundisha kuliko siku nzima ya ubao na chaki.

Pumzi nayo ipimwe. Kwa miaka mingi kipimo cha FIBA kimekuwa mbio za mita 20, kwenda na kurudi, ukifuata mlio unaozidi kuwahi. Wanaume wanatakiwa kufikisha mikimbio 86, wanawake 66. Ukisikia unaweza kudhani ni kidogo. Jaribu kesho asubuhi pale Mwanga, uone mikimbio ya mwisho inavyokuwa. Sababu ya kipimo hicho ni ileile tuliyosema: mwamuzi aliyechoka anachelewa, aliyechelewa anakosa pembe, na aliyekosa pembe anabahatisha.

Halafu kuna suala la muda, na hapa nina msimamo mkali kidogo, mnivumilie. Leseni ya mwamuzi wa FIBA ina mwisho. Inatolewa kwa kipindi cha miaka 2, kwa mfano 2023 hadi 2025, kisha mtu anapimwa upya. Anaweza kuwa amechezesha mashindano makubwa ya Afrika, amesimama kwenye ukumbi wa Kigali ambako BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika, ilianzia mwaka 2021, lakini muda ukifika anarudi kwenye mstari kama wengine. Kama mtu wa ngazi hiyo anapimwa upya, kwa nini cheti cha mwamuzi wa wilaya kiwe cha maisha? Sheria zinabadilika. Magoti yanabadilika. Macho yanabadilika. Cheti nacho kiwe na tarehe ya mwisho, iandikwe palepale chini ya jina.

Najua kuna msikilizaji anayesema: ndugu, unaota. Waamuzi wenyewe tunao wachache. Wengi ni walimu wa michezo wanaojitolea, wanachezesha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwenye jua, posho yenyewe haieleweki, sasa unataka kuwapima mpaka wakimbie. Nani atabaki?

Hoja hiyo ni nzito, na ninawaheshimu sana walimu hao. Bila wao mchezo huu katika mkoa wetu usingekuwepo. Jibu langu ni kwamba madaraja yawepo. Mwalimu anayechezesha mechi za darasa kwa darasa apimwe mambo ya msingi: firimbi, ngumi, namba, kosa, adhabu, na kusimama mahali pake. Anayetaka mechi za mkoa apimwe zaidi. Anayetaka kwenda Kombe la Taifa apimwe yote. Hakuna anayefukuzwa. Kila mtu anajua yuko ngazi gani, na anayempangia mechi naye anajua. Kinachowafukuza waamuzi ni matusi, ni kuzungukwa mezani wakiwa hawana namna ya kujitetea. Mwamuzi aliyepimwa ana kitu cha kusimamia.

Sasa tuje kwetu. Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na kutoka stesheni yetu mpaka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 1,250. Mwamuzi wa Ujiji akiambiwa aende kupimwa Dar es Salaam, hesabu nauli, chakula, mahali pa kulala, na vipindi darasani atakavyokosa. Ndiyo maana nasema, na ningependa wenzetu wa TBF, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, wanisikie: mpimaji mmoja kuja Kigoma ni nafuu kuliko waamuzi 20 kumfuata yeye. Aje kabla ya msimu wa UMISSETA, walimu wakiwa bado na nafasi. Akae wiki moja, aone mechi za Ujiji, aone za Kasulu, apime, asahihishe, aache hapa watu wawili watatu waliofundishwa kupima wenzao. Mwaka unaofuata aje kuwapima hao.

Na tusisahau tuko ufukweni. Boti zinatoka bandarini kwetu kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie, na kwa wenzetu hao mpira wa kikapu si mchezo wa pembeni. Bujumbura hasa wana mapenzi makubwa na mchezo huu, na klabu yao ya Dynamo ilifika mpaka BAL mwaka 2024. Tanzania na Burundi tuko pamoja katika Kanda ya Tano ya FIBA Afrika. Hapa mkoani tumeishi na ndugu wa Kongo waliofika kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na ndugu wa Burundi ambao Muha na wao wanaelewana wakizungumza. Ukikutanisha timu ya Ujiji na timu ya Uvira, makocha watakuja na Kiswahili chao na Kifaransa chao, nasi tuna chetu. Lakini ngumi juu ni ngumi juu. Mikono miwili kiunoni ni kosa lilelile pande zote za ziwa. Mwamuzi anayezionyesha ishara kwa usahihi anaeleweka na benchi zote mbili bila mkalimani, na mechi ya namna hiyo inaweza kufanyika kwa amani mpaka mwisho. Anayeonyesha za kwake, alizojitungia, atawagombanisha watu waliokuja kucheza.

Basi kabla muda haujaniishia, niseme na wewe kijana, na wewe binti, ambaye unapenda mchezo huu lakini urefu hukujaliwa, au goti limekukataa. Njia iko wazi. Usianze na firimbi, anza na meza. Nenda kwenye mechi iliyo karibu nawe, omba kukaa na mwandishi wa mechi, jifunze kuijaza ile karatasi. Ukikaa pale mechi kadhaa utawajua waamuzi wanaoripoti vizuri na wanaoripoti vibaya, kwa sababu ni wewe utakayetaabika. Kisha simama mbele ya kioo nyumbani, uonyeshe namba kuanzia 1 hadi 99, mama akikushangaa mweleze. Siku upimaji ukitangazwa, uwe umeshavaa viatu.

Wiki ijayo, saa hizihizi, nitakuwa na mazungumzo juu ya meza hiyohiyo ya waandishi, na ile saa ya sekunde 24 ambayo viwanja vyetu vingi havina, na namna mechi zinavyoweza kuendeshwa kwa haki bila hiyo saa. Kama una swali juu ya leo, lete. Mpaka wakati huo, nakutakia jioni njema, na wavuvi wetu, Mungu awatangulie. Kwaherini.